UZI: Tunaenda kumwona mbunge wetu wa Kusini kuhusu fedha za sayansi ya anga za juu. Nisaidieni kupanga hoja

Fizikia Kusini (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi, na hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, Mtwara mjini. Tumejikusanya walimu kadhaa, wavuvi na watu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), tumeomba kumwona mbunge wetu kabla Bunge la bajeti halijaanza. Tunataka aisimamie serikali itenge fedha zake yenyewe, kila mwaka, kwa ajili ya sayansi ya anga za juu. Najua wengi mkisikia hivyo mnawaza roketi na watu wanaoelea hewani. Nisomeni mpaka chini, kisha mniambie pa kukazia na pa kupunguza, maana muda tutakaopewa ni mfupi.

Naanza na vimbunga kwa sababu hapo hakuna mtu wa pwani anayehitaji kufundishwa. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara yote ilisimama. Kikatua Cabo Delgado tarehe 25, ng'ambo tu ya Ruvuma, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wenzetu wa Msumbiji wakazika watu, sisi tukanusurika kwa umbali ambao gari linaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Mei 2024 akaja Hidaya, akapita upande wa Mafia, mvua yake ikakata barabara ya Kusini pale Somanga. Mnakumbuka magari yalivyolala njiani na bei za vitu zilivyopanda huku.

Sasa rudini nyuma, Aprili 1952. Kimbunga kiliingia Lindi yenyewe na kuua watu zaidi ya 30. Wakati ule hapakuwa na setilaiti hata moja juu ya dunia. Ya kwanza, Sputnik, ilirushwa 1957, na ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa 1960. Watu wa Lindi walikijua kimbunga kilipokuwa kimeshafika mlangoni. Mwaka 2019 tulikijua Kenneth kikiwa bado kinazunguka baharini karibu na Komoro, watoto wakarudishwa nyumbani, vyombo vikavutwa juu.

Kilicholeta tofauti hiyo ni macho yaliyo juu. Picha za Bahari ya Hindi tunazotegemea zinatoka kwenye setilaiti ya Meteosat, mali ya shirika la Ulaya la EUMETSAT, iliyosimama juu ya Ikweta kwenye longitudo 45.5 Mashariki, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, na inapiga picha kila baada ya dakika 15. Ufuatiliaji wa vimbunga vya upande huu unasimamiwa na kituo cha Wafaransa kilichopo kisiwa cha Réunion. Hata mitambo ya kupokelea picha hizo katika mamlaka nyingi za hali ya hewa Afrika ililetwa na mradi wa PUMA, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, miaka ya mwanzo ya 2000.

Nawashukuru kwa dhati waliotusaidia. Lakini nchi yenye pwani hii yote, yenye gesi Mnazi Bay na Songo Songo, yenye bandari ya Mtwara, haiwezi kuendelea kulijua anga lake kwa hisani ya miradi. Mradi ukifika tamati, aliyefunzwa anahamia kitengo kingine, mashine inaharibika, na hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya kununua kipuri.

Majirani wanatembea. Kenya ilianzisha wakala wake wa anga 2017 na Aprili 2023 ikarusha Taifa-1. Rwanda ilikuwa na setilaiti ndogo tangu 2019. Uganda ilipeleka ya kwake Novemba 2022. Umoja wa Afrika umefungua makao ya Shirika la Anga la Afrika jijini Cairo, Aprili 2025. Hapa kwetu Rais Samia Suluhu Hassan alishasema mwaka 2023 kwamba Tanzania nayo itakuwa na setilaiti yake. Kauli ya Rais ipo. Kinachotakiwa sasa ni mbunge wa kuifuatilia hadi iingie kwenye vitabu vya bajeti.

Karibuni.

Kambi ya Mikindani

Naweka kambi hapa. Mwalimu, watu wa Dodoma watakuja kukusaidia, subiri.

Nesi wa Liwale

Mwalimu, nakuheshimu na sijaja kuharibu uzi wako. Lakini nasema nilichonacho moyoni.

Ninafanya kazi kwenye zahanati. Mama mjamzito akizidiwa usiku wa masika, barabara haipitiki, tunahangaika na pikipiki. Kuna miezi dawa zinaisha kabla ya mwezi kwisha. Mbunge akija huku kijijini, mimi namwambia habari ya gari la wagonjwa na nyumba ya mtumishi. Sasa wewe ukimwambia habari ya setilaiti na mimi nikamwambia habari ya dawa, atachukua lipi? Na kama fedha ni zile zile, kwa nini nikuunge mkono?

Nijibu kama unavyomjibu mama yako, usinijibu kwa majina ya setilaiti.

Fizikia Kusini

Dada, shukrani kwa kuuliza waziwazi. Hilo ndilo swali ambalo mbunge atatuuliza, tena kabla hatujakaa vizuri kwenye viti.

Kwanza, hatuombi shilingi itoke kwenye dawa. Tunachozungumzia ni fungu la sayansi na utafiti. Mwaka 2006, kule Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja ifikishe asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Nchi nyingi hazijafika, na yetu ni mojawapo. Ndani ya pengo hilo ndimo tunamotafuta nafasi.

Pili, naomba utazame India, kwa sababu walianza wakiwa maskini na waliulizwa swali hili hili. Tarehe 21 Novemba 1963 walirusha roketi yao ya kwanza ya utafiti kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala. Kanisa la kijiji waliliomba kwa askofu wakaligeuza ofisi, na vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Mkuu wa kazi ile, Vikram Sarabhai, aliulizwa nchi yenye njaa inatafuta nini angani, naye alishikilia kwamba nchi maskini ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kuitumia sayansi hii kwa shida za watu wake.

Miaka ikapita. Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kiliipiga Odisha, mashariki ya India, kikaua watu wapatao 10,000. Oktoba 2013 kimbunga Phailin kikaja pwani hiyo hiyo, kikiwa kikali vilevile. Safari hii walikiona mapema kwa setilaiti zao, walikuwa wamejenga majengo ya kujihifadhi, na watu karibu milioni 1 walihamishwa kabla hakijatua. Waliofariki hawakufika 100. Dada yangu, hao waliopona hawakulazwa hospitali yoyote. Hiyo nayo ni afya.

Nahodha wa Msanga Mkuu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi ni mvuvi, sina elimu ya mwalimu, lakini bahari naijua. Nataka niseme kitu kimoja kuhusu taarifa.

Taarifa ya hali ya hewa tunaisikia redioni, kwamba pwani ya kusini upepo utakuwa wa kasi fulani na mawimbi ya mita mbili. Pwani ya kusini ni kubwa. Kuanzia Kilwa Kivinje mpaka Msimbati hakuna bahari moja. Kusi ikikaza, nyuma ya kisiwa unaweza kutupa nyavu na nje ya mwamba mtu anakufa. Tukiambiwa msiende wote, wenye njaa wanaenda tu, kwa sababu mara iliyopita waliambiwa hivyo hivyo na kukawa shwari. Ukionywa mara nyingi bila kitu kutokea, unaacha kusikiliza.

Kwa hiyo kama sayansi yenu inaweza kutuambia eneo kwa eneo, na itufikie kwenye simu ya kitochi jioni kabla ya kuingia majini, mimi nakuja mwenyewe kwa mbunge, nasimama mbele yake.

Na jambo la pili. Nimesikia kuna nchi wavuvi wanaambiwa samaki walipo. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Mpima Ardhi

Baba nahodha, shikamoo. Ni kweli kabisa.

Mimi ni kijana wa Nachingwea, ninasoma mambo ya upimaji na picha za setilaiti Dar. Nikuelezee kwa ufupi. Setilaiti haimwoni samaki. Inaona rangi ya bahari na joto la maji ya juu. Maji yenye vijimea vidogo vingi yana rangi yake, ya kijani zaidi, na pale maji baridi yenye virutubisho yanapopanda na kukutana na ya moto, vijimea vinastawi, dagaa wanafuata, na vibua na jodari wanawafuata dagaa. India wana taasisi inaitwa INCOIS, imeanza 1999, inachora ramani hizo na kuwatumia wavuvi kwa lugha zao, ikiwaambia upande gani na umbali gani kutoka bandari yao. Anayepewa taarifa hiyo anachoma mafuta kidogo kwa sababu haendi kubahatisha.

Sasa niongeze hoja ambayo mwalimu hakuigusa, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Picha nyingi za setilaiti ni za bure. Landsat ya Wamarekani ni bure tangu 2008. Sentinel-2 ya Ulaya inapita juu ya Tandahimba kila baada ya siku tano, na kila nukta ya picha yake ni mita 10 kwa 10. Sentinel-1 ni ya rada, inaona usiku na inapenya mawingu, yaani hata mvua ya Hidaya ikiwa inanyesha, ungeweza kuchora maji yalipofika Somanga. Vyote hivyo mtu anavipakua bila kulipa.

Mbunge akisikia hivyo atasema, basi fedha za nini? Jibu ni kwamba picha ya bure haijisomi. Unahitaji watu walioajiriwa kuisoma kila siku, si mwanafunzi mmoja kama mimi anayeisoma kwa ajili ya tasnifu kisha anaondoka. Unahitaji kompyuta kubwa na intaneti isiyokatika. Unahitaji vipimo vya ardhini na baharini vya kulinganisha, kwa sababu hesabu iliyotengenezwa kwa bahari ya Ulaya inaweza kukosea maji ya kwetu yenye tope la Rufiji na Ruvuma. Hapo ndipo fedha za serikali zinapotakiwa. Mimi ningependa sana Tanzania irushe setilaiti, lakini ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nasema iende kwa watu.

Karani wa Ghala

Nipo Tandahimba, nafanya kazi kwenye AMCOS. Nazungumzia korosho tu.

Kila msimu ugomvi wetu mkubwa ni pembejeo. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, inagawiwa kwa kufuata daftari la wakulima, na daftari linasema fulani ana mikorosho kiasi fulani. Kuna majina ya watu wasio na shamba, na kuna mzee mwenye mikorosho mingi aliyeandikiwa michache. Mwenye shamba anapata mifuko isiyotosha, ugonjwa wa ubwiriunga unampiga wakati maua yanatoka, na Oktoba akija ghalani hana kitu. Mimi ndiye ninayetukanwa hapo dirishani.

Mpima Ardhi, hiyo picha ya mita 10 inaweza kuhesabu mikorosho?

Mpima Ardhi

Mti mmoja mmoja kwa mita 10 ni vigumu, hasa mikorosho ya zamani iliyoshonana matawi. Eneo la shamba ndiyo, unalipata vizuri. Mkorosho unabaki na majani kiangazi kizima wakati mihogo na mbaazi vimeshavunwa, kwa hiyo ukilinganisha picha za miezi tofauti unaona korosho zilipo na ukubwa wake. Ukitaka kuhesabu miti, unatumia picha kali zaidi za kulipia au ndege zisizo na rubani kwenye maeneo yenye mgogoro tu.

Ubwiriunga wenyewe setilaiti haikuonyeshi ukiwa kwenye ua. Nasema hivi ili mwalimu asije akaahidi kitu mbele ya mbunge ambacho watu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, watakikanusha. Hao wa Naliendele wanaujua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote. Wakae pamoja na wasoma picha, watengeneze tahadhari inayofuata baridi na ukungu wa asubuhi wa kila wilaya.

Karani wa Ghala

Eneo la shamba linanitosha. Tukijua eneo, huyu wa mikorosho hewa anaonekana.

Mtumishi Mstaafu Dodoma

Mwalimu na wenzako, nimesoma yote kwa furaha. Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mbunge mmoja, simtaji. Naomba niwaeleze mlango wenyewe unavyofunguka, kwa sababu watu wengi wenye hoja nzuri wanaenda kwa mbunge na ombi ambalo yeye hana mamlaka ya kulitimiza.

Mbunge hawezi kusimama na kusema ongezeni bilioni kadhaa hapa. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze na pendekezo liletwe na waziri. Kwa hiyo mkimwambia "tupatie fedha", atawaitikia kwa heshima, mtapiga picha, mtaondoka, na hakuna kitakachofanyika. Ibara ya 63 ndiyo inayompa nguvu: Bunge kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Ombeni vitu vilivyomo humo.

Vitu vyenyewe ni hivi. Anaweza kuuliza swali la msingi kwa wizara, na siku ya jibu akapata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Nguvu iko kwenye hayo mawili, kwa sababu jibu la msingi huandaliwa na wataalamu lakini kwenye nyongeza naibu waziri anajibu papo kwa papo na maneno yake yanaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Akiahidi, imeandikwa. Anaweza pia kuzungumza na wajumbe wa kamati inayopitia makadirio ya wizara hiyo, na hapo kwenye kamati ndipo mambo hubadilika, kwani wanapitia randama, yaani maelezo ya bajeti ya wizara, mstari kwa mstari. Ikifika bungeni imebaki kusemwa tu. Na kama hakuridhika, kwenye Kamati ya Matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia usipitishwe, hadi apewe maelezo. Waziri hapendi shilingi yake ishikwe. Mara nyingi atamtafuta mbunge mapema wayamalize.

Halafu muda. Mnasema mnaenda kabla ya mkutano wa bajeti, yaani kabla ya Aprili. Nendeni, ni sawa, lakini jueni kwamba vipaumbele vya mwaka unaofuata hujadiliwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, pale Bunge linapopitia mapendekezo ya mpango wa taifa na serikali inapotoa mwongozo wa bajeti. Aprili unapata swali na ahadi. Novemba unapata kasma. Mkionana naye sasa, muombeni papo hapo siku nyingine ya kuonana mwezi huo.

La mwisho: nendeni na karatasi ya ukurasa mmoja. Mbunge anapokea makaratasi mengi mno. Na upande wa nyuma mwandikieni swali lenyewe, limekamilika, ili katibu wake akiamua kulipeleka asianze kutunga.

Kambi ya Mikindani

Nilisema watakuja. Mzee, ubarikiwe.

Mwera wa Mtama

Kuna hoja moja ya Lindi ambayo hamjaigusa, na kwangu mimi ndiyo ya kwanza.

Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale pale, kaskazini-magharibi ya Lindi. Waliochimba kwa mikono yao walikuwa babu zetu. Waliobeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, walikuwa babu zetu. Leo mjusi yule amesimama Berlin kwenye jumba la makumbusho, kimo cha zaidi ya mita 13, dunia nzima inakwenda kumtazama, na wasomi wamejijengea majina kwa mifupa iliyotoka kwenye udongo wetu. Wabunge wa Lindi wamelisemea suala hili bungeni zaidi ya mara moja, na kila mara watu huku wanashika redio kusikiliza.

Sasa tujiulize kwa nini ilikuwa hivyo. Ukoloni, ndiyo, hilo ni la kwanza na halina mjadala. Lakini pia wao walikuwa na taasisi, walikuwa na fedha zilizotengwa, walikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusoma mfupa. Sisi tulinyimwa vyote hivyo. Leo hakuna anayetunyima. Picha za bahari yetu, za misitu yetu ya Liwale, za visima vyetu vya gesi, zinapigwa kila siku na kusomwa Ulaya na Marekani. Anayezisoma ndiye anayejua. Miaka mia ijayo wajukuu wetu wasije wakauliza tena kwa nini elimu ya Kusini iko kwenye makabati ya watu wengine, wakati huu tulikuwa na Bunge letu, bajeti yetu na wabunge tuliowachagua wenyewe.

Mwambieni mbunge hivyo. Kama yeye au mwenzake ameshawahi kuuliza habari ya mjusi, hili ni lile lile.

Nesi wa Liwale

Hii ya Tendaguru imenigusa. Nimesoma tena na ya India.

Anga Letu Sote

Mimi nawapinga kidogo wanaotaka tuombe vitu vidogo vidogo. Mnamwomba mbunge aulize swali kuhusu kusoma picha. Kwa nini msiombe wakala kamili wa anga wa taifa, kwa sheria? Kenya wanao. Na hii si habari ya jana: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina lile. Mitambo ilikuwa ya Wamarekani na Waitaliano, lakini Wakenya waliolelewa karibu na kituo kile waliona kwamba mambo haya yanaweza kufanyika pwani ya Afrika Mashariki.

Tazameni pia ng'ambo ya Ruvuma. Mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA, unaojengwa Afrika Kusini na Australia, una nchi nane wabia wa Afrika pamoja na Afrika Kusini yenyewe: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Hesabuni tena. Msumbiji wamo, Zambia wamo, Kenya wamo. Sisi tuliozungukwa na hao watatu hatumo. Vijana wa nchi hizo wanapewa ufadhili wa kusoma astronomia na uhandisi. Kijana wa Newala mwenye akili hiyo hiyo hana pa kugonga.

Na msiogope gharama. Taifa-1 iliigharimu Kenya shilingi milioni 50 za kwao, ambazo kwa viwango vya wakati ule hazifiki bilioni 1 ya Tanzania.

Mpima Ardhi

Nakuunga mkono kwa SKA, roho inaniuma kila nikiona orodha ile. Kuhusu Taifa-1 tuwe wakweli mbele ya mbunge: ni setilaiti ndogo, iliundwa kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria, ikarushwa Marekani kwa roketi ya Falcon 9, na ilipangiwa maisha ya miaka michache. Faida yake kubwa ni wahandisi wa Kenya walioshika kazi kwa mikono yao. Tukisema "kwa bilioni moja tutakuwa na macho yetu wenyewe juu ya bahari" tutakuwa tumedanganya. Tukisema "kwa bilioni moja tutapata kundi la kwanza la wahandisi", hiyo ni kweli, na ni sababu tosha.

Mtumishi Mstaafu Dodoma

Anga Letu Sote, hoja yako ni nzito na siku yake itafika. Kuanzisha wakala ni sheria mpya, muundo mpya, ajira mpya. Hazina watauliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ipo kwa sheria tangu 1986. Mbunge mmoja wa Kusini hawezi kuisukuma peke yake. Lakini kasma moja inayojirudia kila mwaka ikishakuwepo, na watu wakaizoea, mtaomba wakala mkiwa na kazi ya kuonyesha.

Anga Letu Sote

Nimekuelewa mzee. Lakini neno "wakala" libaki kwenye karatasi, hata kama ni mstari wa mwisho. Wasione tumetosheka.

Fizikia Kusini

Litabaki. Nimekaa na wenzangu leo mchana, tumeandika upya karatasi kwa kufuata michango yenu. Hii hapa.

"Mheshimiwa Mbunge, sisi wananchi wa jimbo lako, walimu, wavuvi na wakulima wa korosho, tunaomba uisimamie serikali kuhusu jambo moja: kuwepo kwa fedha za ndani, kila mwaka, za kuajiri na kuwafunza Watanzania wanaosoma taarifa za setilaiti kwa ajili ya pwani ya kusini.

Kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Kimbunga Hidaya mwaka 2024 vilionekana mapema kwa setilaiti za nchi nyingine. Taarifa iliyotufikia ilikuwa ya jumla. Tunataka taarifa ya eneo kwa eneo, inayomfikia mvuvi wa Msanga Mkuu na wa Kilwa Kivinje kwenye simu ya kawaida. Wataalamu hao hao watapima maeneo ya mikorosho ili salfa ya ruzuku imfikie mwenye shamba, kwa kushirikiana na TARI Naliendele, na watachora maji yalipofika pindi barabara ya Kusini inapokatika.

Hatuombi fedha zitoke kwenye afya wala elimu ya msingi. Tunaomba ziwe sehemu ya safari ya nchi yetu kufikia asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti, lengo ambalo nchi za Afrika ziliafikiana mwaka 2006.

Mifupa ya Tendaguru ilitoka Lindi kwa sababu wengine walikuwa na wataalamu na fedha za kuisoma. Taarifa za bahari na ardhi yetu zisitoke kwa njia hiyo hiyo. Tunatarajia siku moja Tanzania iwe na wakala wake wa anga, na hatua hii iwe mwanzo."

Nyuma ya karatasi kuna nafasi ya swali. Mzee wa Dodoma, naomba utusaidie maneno yake.

Mtumishi Mstaafu Dodoma

Karatasi ni nzuri. Swali la msingi liwe fupi: "Je, Serikali ina mpango gani wa kutenga fedha za ndani kwa ajili ya matumizi ya taarifa za setilaiti katika utabiri wa vimbunga, uvuvi na kilimo cha korosho katika Mikoa ya Lindi na Mtwara?"

Nyongeza ya kwanza: "Je, Serikali iko tayari kuliambia Bunge ni wataalamu wangapi wa kusoma taarifa za setilaiti walioajiriwa kwa fedha za ndani, na wangapi wanalipwa na miradi ya wafadhili?" Hili ndilo kali. Litamlazimisha naibu waziri ataje hesabu, au aahidi kuileta.

Nyongeza ya pili: "Je, lini Tanzania itaomba kujiunga na nchi wabia wa mradi wa SKA, ili vijana wetu wapate nafasi za masomo kama wenzao wa Msumbiji?" Hapo na Anga Letu Sote amepata chake.

Nahodha wa Msanga Mkuu

Mimi nakuja siku hiyo. Na wenzangu wa mashua mbili wamesema watakuja, mradi isiwe siku za bamvua.

Nesi wa Liwale

Mwalimu, ongeza neno moja tu kwenye aya ya pili. Taarifa ya kimbunga na mvua kubwa itufikie na sisi wa zahanati, siyo wavuvi peke yao. Nikijua siku mbili kabla kwamba mto utajaa, wale kina mama waliokaribia kujifungua nawapeleka mapema hospitali ya wilaya. Ukiweka hilo, na mimi naisaini na kuipeleka kwa mbunge wetu wa huku.

Fizikia Kusini

Nimeweka, dada: "mvuvi wa Msanga Mkuu na wa Kilwa Kivinje, na mhudumu wa zahanati ya Liwale". Anayetaka karatasi kwa ajili ya jimbo lake aniandikie pembeni nimtumie. Badilisheni majina ya maeneo, lakini swali na nyongeza zake zibaki kama zilivyo ili wabunge wa Kusini wakikutana Dodoma wakute wote wameulizwa jambo moja. Tandahimba, Newala, Mchinga na Kilwa bado sijapata mtu wa kuipeleka.

Karani wa Ghala

Tandahimba niandikie mimi. Nitaisoma kwanza kwenye mkutano mkuu wa AMCOS ili ipelekwe na muhuri.

Mwera wa Mtama

Mchinga nina ndugu, kesho naongea naye.